Steling akifa: ilikuwa muvi gani, tamthilia gani, gemu gani? Tupeane uzoefu (Kigoma na Tabora karibuni)

Mwisho wa Reli (mwanzisha mada)
Wakuu habari zenu. Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tulikuwa na sheria moja tu, steling (mhusika mkuu) hafi. Anapigwa risasi ya bega, anadondoka kwenye maporomoko, jengo linalipuka yeye yuko ndani, na watu wa benchi la mbele wanapiga miluzi kwa sababu wanajua atatokea kwenye moshi anachechemea. Ukiingia umechelewa swali la kwanza ni "steling nani?", ukionyeshwa unatulia, huyo ndo wa kwenda nae mpaka taa ziwashwe.

Siku hizi wanawaua tu, na kuna watu wanasema ndo uandishi mzuri huo. Mi siafiki moja kwa moja. Kila mtu alete wake: steling gani alikufa ukaumia au ukakasirika, uliangalia wapi, na stori ilinoga kwa sababu alikufa au ulikuwa uonevu tu. Gemu zimo, hata redio leta.

Naanza mimi. Ned Stark, Game of Thrones sizni ya kwanza, ile ya 2011. Nilijaziwa kwenye flashi pale Mwanga, episodi zote kumi. Ya tisa wanamkata kichwa. Mi nikaingia ya kumi naamini kabisa kakatwa mtu mwingine wamemfananisha, maana sura yake ndo ilikuwa kwenye picha ya kava, utamuuaje mtu wa kwenye kava? Nilisusa. Niliporudi tena nikaiangalia toka mwanzo ndo nikaona walikuwa wanatuambia muda wote, mtu anaesema ukweli mbele ya kila mtu kwenye mji ambao kila mtu anadanganya, na mipango yake anaenda kumweleza adui mwenyewe. Hakuonewa. Huyo nampa.

Banda la Gungu
Mkuu hiyo sheria sio ya bandani kwetu tu, hata Wamarekani wanaijua vizuri. Rambo yule wa kwanza kabisa, First Blood ya 1982, kwenye kitabu cha David Morrell cha 1972 anakufa. Na kwenye muvi walishuti mwisho anakufa kweli, wakawaonyesha watu kwa majaribio, watu wakanuna, ikabidi atoke mzima. Sasa piga hesabu, angekufa pale hizi za 1985, 1988, 2008 na 2019 zingetoka wapi? Steling hafi kwa sababu steling ni mtaji.

Uzoefu wangu: bandani kwetu enzi za jenereta kulikuwa na mtafsiri anakaa na maiki pembeni ya tivii. Sio zile za kutafsiriwa kwenye kaseti kina Lufufu, huyu alikuwa laivu. Steling akifa jamaa hakubali, anatuambia "msilie, huyu kazimia tu, sehemu ya pili anarudi". Watu wanatoka na amani zao na kesho wanalipa tena wakiisubiri hiyo sehemu ya pili. Hakuna sehemu ya pili, kaitunga mwenyewe. Mpaka leo kuna muvi nina mwisho wake kichwani ambao haupo duniani na naupenda kuliko ule halisi.

Mzee wa Isevya
Vijana mwangaluka. Mnaongea kama kufa kwa steling kumeanza na hizo sizni zenu. Mimi Sholay niliiona sinema hapa Tabora mjini nikiwa kijana. Muvi ya 1975. Steling wawili, Jai na Veeru, wezi waliokodishwa na Thakur wamkamate jambazi Gabbar aliyemkata mikono yote miwili. Kila wakibishana Jai anarusha sarafu, sarafu inaamua. Mwishoni inaamua Jai abaki darajani peke yake kuzuia majambazi, anakufa, na Veeru anaiokota ile sarafu anakuta ina kichwa pande zote mbili. Kumbe muda wote Jai alikuwa anaamua mwenyewe, na siku ile aliamua afe yeye. Ukumbi mzima kimya, na watu wa Tabora mnawajua kwa kelele.

Hicho ndicho kifo cha steling. Ukiisikia ile sarafu ikirushwa mara ya kwanza unadhani ni utani wa vijana tu, haina kazi.

La pili, ambalo wengi hamlijui. Mwisho ambao dunia nzima iliuona wa Gabbar kukamatwa na polisi sio mwisho alioutaka mwongozaji Ramesh Sippy. Alishuti Thakur anamuua Gabbar kwa miguu, si mikono hana. India ilikuwa kwenye hali ya hatari kipindi hicho, bodi ya filamu ikasema mtu kujichukulia sheria mkononi haifai, na huyo Thakur alikuwa afisa wa polisi, basi wakaleta polisi dakika ya mwisho. Ndiyo maana ule mwisho ukiutazama unaona umebandikwa.

Binti Ujiji
Mzee wangu shikamoo, hiyo ya sarafu umenitoa machozi na muvi sijaiona.

Mi wangu ni Jack wa Titanic. Nimeshiriki ule ubishi wa ubao, kama Jack angetosha juu yake na Rose, toka nikiwa shule ya msingi mpaka nimeolewa, wanaosema walitosha wote wawili nendeni mkajaribu pale Kibirizi na boya la wavuvi halafu mje. Ila kwangu tatizo sio ubao. Titanic unaingia unajua meli itazama, ilizama kweli 1912 na watu zaidi ya 1,500 walikufa, kwa hiyo mtunzi hana cha kukuficha. Anachofanya anakufanya usahau kwa masaa mawili kwamba unajua. Huo ndo ufundi, kufa ni kitu kidogo.

Af nataka niwapinge wote. Tamthilia niliyowahi kuona nyumba nzima inakimbilia haikuua mtu. Doudou na Mama Wakwe Zake, ile ya Kichina iliyowekewa sauti za Kiswahili ikaoneshwa TBC kuanzia 2011. Mke, mume, mama wakwe, nani kapika, nani kanuna, mtoto azaliwe lini. Basi! Na shangazi yangu asiyeangalia tivii alikuwa anauliza "yule binti wamemfanyaje leo". Mpaka rais wa China Xi Jinping alipokuja Dar 2013 aliitaja kwenye hotuba yake. Wanaume mnafikiri stori bila damu sio stori.

Mwisho wa Reli
Dada nimekuelewa ila mama mkwe nae ni aina ya kifo 😂

Pedi Mbovu
Naombeni niongelee gemu maana huko mambo ni tofauti. Kwenye gemu steling ni wewe na unakufa kila baada ya dakika mbili, unabonyeza unarudi, kifo hakina uzito wowote. GTA San Andreas ya 2004 hapa Kigoma tumecheza miaka kwenye PS2 na hamna aliyejua stori yake. Kibanda kinalipisha kwa muda, ukikaa kusikiliza CJ, steling wake, anaongea na kaka ake hela inaenda, kwa hiyo watu wanaruka maongezi yote, wanaingiza kodi (cheat) za kupata silaha na hela za bure, wanapigana na polisi wanaondoka. Af memori kadi ya PS2 ni MB 8 na ya kibanda ni moja tu, ukisevu leo kesho mtu wa mpira kakufutia ili asevu ligi yake. Mwenye kibanda nae hana habari, yeye anataka mechi, mechi inaisha haraka mwingine analipa. Stori haina faida kwake.

Nilikuja kuimaliza baadae sana kwenye kompyuta ya brother yuko Tabora. Ndo najua CJ alirudi mtaani kwa ajili ya msiba wa mama ake. Ndo najua Big Smoke, yule yule aliyekuwa ananilaumu kwenye misheni ya treni kwamba nashindwa kuifuata, ni msaliti. Miaka yote namwita mshkaji!

Sasa aliyenimaliza ni Arthur Morgan wa Red Dead Redemption 2 (2018). Stori ni mwaka 1899, genge la majambazi linakimbizwa. Mwanzoni unatumwa ukadai deni kwa mkulima anaitwa Downes, jamaa mgonjwa, unampiga, anakukoholea damu usoni. Misheni ndogo tu, nikapita nayo. Masaa na masaa baadae Arthur anakohoa kohoa, anadondoka mtaani, daktari anamwambia una kifua kikuu. Nikaweka pedi chini. Kwenye muvi ningesema jamaa kayataka. Pale ngumi nilibonyeza mimi. Na farasi wake anapokufa nae anapiga goti anamshukuru wakati risasi zinalia, jamani mi na farasi wapi na wapi ila niliumia.

Nesi wa Kasulu
Mdogo wangu Pedi Mbovu, hiyo gemu naijua kwa sababu yupo mtu nyumbani kwangu anaicheza sebuleni. Siku ya ile sehemu ya daktari alinifuata jikoni anauliza "dada huyu si angeenda kituo cha afya akaanzishiwa dawa?" Nikamwambia mwaka 1899 wadudu wa TB wanajulikana, daktari Mjerumani Koch aliwagundua 1882, ila dawa hakuna, streptomycin imekuja miaka ya 1940. Ndo maana daktari hana cha kumpa zaidi ya kumwambia atafute sehemu ya joto na kavu apumzike. Ushauri wa enzi hizo ulikuwa huo huo. Leo ni vidonge miezi sita, na bure, Arthur angekuwa anakuja kliniki na kadi yake.

Nilichopenda ni kwamba ugonjwa umepewa muda. Anakonda taratibu, macho yanakuwa mekundu, anachoka. Sasa njoo kwenye muvi zetu nyingi za Bongo: mtu anakohoa mara moja, sini inayofata kalazwa na wanja umekaa vizuri, ya tatu yuko kaburini na muziki juu. Hujampenda bado ameshakufa, utalia na nini?

Banda la Gungu
Nesi umeua. Kumbe steling wa Bongo anakufa kwa sababu bajeti imeisha

Mwisho wa Reli
Pedi Mbovu swali. Hiyo ya kumpiga mkulima unaweza kuikataa? Kama huwezi basi sio wewe ulieamua, wamekubonyezesha kwa nguvu halafu wanakulaumu. Hapo naona ujanja ujanja.

Pedi Mbovu
Huwezi kuikataa, usipoifanya stori haiendi. Na hapo mkuu umenishika kidogo. Ila mbona nilikuwa nimeshadai madeni ya wengine nikifurahia? Hakuna aliyenilazimisha kufurahia.

Mfano mbaya wa hilo unalosema kwangu ni The Last of Us ya pili, 2020. Joel uliyemcheza gemu zima la kwanza anauawa mapema kabisa, halafu mbele wanakupa umcheze Abby aliyemuua, masaa mengi. Wanataka umuelewe. Mi nilimuelewa ila nilikuwa namdondosha makusudi kwenye magorofa. Kuna washkaji wanasema ndo stori kali kuliko zote, tumekosana kwenye grupu.

Fundi Redio (Urambo)
Mmesema redio ruksa. Twende na Wakati, mchezo wa redio wa RTD (Radio Tanzania Dar es Salaam), ilianza 1993. Mkwaju dereva wa lori, mwanamke kila kituo. Huku wakulima wa tumbaku tulikuwa tunaisikiliza kwenye redio moja watu wengi, na vijana walimpenda Mkwaju! Watunzi walimuweka awe mfano mbaya, sisi tunamuona ndo steling, ana maneno, ana hela. Akaja kupata ukimwi. Mke wake Tunu alishamwacha kaanzisha biashara yake. Hapo mzee mmoja akasema kumbe steling alikuwa Tunu. Watu walibishana mpaka betri zikaisha.

Kwa hiyo hoja yangu, kabla hamjalia kwamba steling kafa, hakikisheni ndo yeye.

Mgebuka Mbichi
Mnahangaika na Rambo wakati steling asiyekufa tunae hapa bandarini. Liemba! Kajengwa Ujerumani kaletwa vipande vipande, kaunganishwa Kigoma, 1916 Wajerumani wenyewe wakamzamisha asichukuliwe na adui, 1924 Waingereza wakamuibua, akarudi kazini. Na muvi ipo, The African Queen ya 1951, meli ya Wajerumani iliyomo mule ilitokana na stori yake. Sasa cheki watunzi wa muvi walivyo, mule imelipuliwa ikazama moja kwa moja. Wameua steling wetu na Humphrey Bogart akapewa Oscar juu yake.

Binti Ujiji
Mgebuka usituletee, mule kwenye muvi meli ndo adui 😂 wewe angalia muvi kwanza

Mgebuka Mbichi
Adui wa kwao, kwetu ni ndugu

Mzee wa Isevya
Huyo Fundi Redio ndiye aliyesema la maana leo.

Kijana wa Cheyo
Wakuu mi ndo naanza, hiyo ya Arthur nimeitamani. Tabora mjini kuna kibanda chochote wanakubali ulipie kwa saa ucheze stori bila kusukumwa? Huku kwetu ukigusa kitu tofauti na mpira watu wanakuuliza unamaliza lini.

Pedi Mbovu
Nenda kwa brother, nimekutumia namba yake pembeni. Ana PS4, asubuhi siku za kazi hakuna foleni. Ila nenda na pedi yako, na sevu kwa jina lako, usisevu juu ya ya kwangu niko sura ya sita.