Namna ya kubadilisha upana wa mpigo katika kifaa cha kusisimua ubongo kwa sumaku

Swali
Ndugu wataalamu, salaam. Katika mradi wangu wa masomo ninabuni saketi ya mapigo ya sumaku yenye kapasita ya mikrofaradi 185, koili ya mikrohenri 16, na thairista (swichi ya kielektroniki) iliyowekewa diodi ya kurudisha mkondo. Mpigo huchukua takriban mikrosekunde 340. Nikipandisha volti huongezeka nguvu tu, upana (yaani muda wa mpigo) haubadiliki. Nifanyeje ili niweze kuchagua upana, mathalani kati ya mikrosekunde 30 na 100, bila kubadilisha kapasita kila mara?

Jibu la kwanza
Upana huo umeamuliwa na koili na kapasita zenyewe, kwa sababu thairista ikishawaka haizimiki mpaka mkondo ushuke hadi sifuri. Vifaa vingi vimejengwa kwa msingi huo tangu Anthony Barker na wenzake walipoionyesha mbinu hii Sheffield mwaka 1985. Unahitaji swichi inayokubali kuzimwa mkondo ukiwa bado mkubwa. Angel Peterchev na wenzake walitumia transista za IGBT, ambazo ni swichi za aina hiyo, na katika kazi waliyoichapisha mwaka 2008 walipata mpigo ambao uga wake wa umeme unakaribia umbo la mstatili.

Angalia hesabu kabla ya kununua chochote. Kwa volti 1500, tukichukulia kwamba kapasita ni kubwa kiasi kwamba volti haishuki wakati wa mpigo, mkondo katika koili yako hupanda kwa ampea 94 hivi kila mikrosekunde, hivyo unafika ampea 5000 baada ya mikrosekunde 53. Ukitaka mikrosekunde 100 bila kuvuka ampea hizo, itakubidi ushushe volti hadi 800. Mpigo mfupi, kwa upande wake, hudai uga mkali zaidi ili neva isisimke, kwa hiyo upana na volti lazima virekebishwe pamoja.

Muulizaji
Ahsante sana. Swichi ikizimwa, diodi sambamba na koili haitoshi kuupitisha mkondo uliobaki?

Jibu la pili
Itaupitisha mkondo, ila utashuka polepole, na nishati yote itaishia kuwa joto. Kwa ampea 5000 koili yako inabeba jouli 200. Ukitoa mapigo 10 kwa sekunde, hizo ni wati 2000, na koili inayogusa kichwa cha mgonjwa haiwezi kuachwa ipate joto namna hiyo. Ni bora mkondo uelekezwe kwenye kapasita ya pili, ambayo huipokea nishati na kuitumia tena.

Fupisha pia nyaya kati ya kapasita na IGBT. Nanohenri 100 tu za nyaya hizo, mkondo wa ampea 5000 ukikatwa ndani ya mikrosekunde moja, huongeza volti 500 juu ya swichi, na IGBT isiyo na akiba ya kutosha ya kuhimili volti itakufa mara ya kwanza. Anza na volti 50, upime kwa koili ndogo ya kunasa uga, na usimwekee mtu yeyote koili hiyo kichwani. Rezista ya kumwaga chaji iunganishwe moja kwa moja na kudumu kwenye kila kapasita, kwani jouli 200 zinaua.