Mjadala: Mtoto wa staa analindwa, mtoto wa mkimbizi anapigwa mnada. Drafti ya Australia ina haki?

Mleta mada

Wakuu, naleta hoja ya mpira wa mbali, ila ina watu wetu ndani yake.

Australia wana futiboli yao wenyewe: mpira wa umbo la yai, watu 18 kila upande, nguzo nne kila mwisho wa uwanja. Ligi kuu yao ni AFL. Huko hakuna klabu tajiri kumwaga mamilioni na kubeba kila chipukizi. Mwisho wa msimu vijana wanagawanywa kwa drafti, aliyeshika mkia akianza kuchagua na bingwa akija mwisho. Mfumo mzuri tu, na mimi siupingi.

Mwaka 2016 ligi ikaanzisha kinachoitwa Akademi za Kizazi Kijacho. Klabu zikagawiwa maeneo na kuambiwa ziwatafute watoto wa Waaborijini, yaani wenyeji asilia wa Australia, na watoto wa wahamiaji. Kwa hawa wa pili, kigezo kilikuwa mtoto au mzazi wake mmoja awe amezaliwa Afrika au Asia. Klabu ikimlea kijana, siku ya drafti timu nyingine ikimtaja, mlezi ana haki ya kufikia dau na kubaki naye. Dau linalipwa kwa pointi. Nafasi ya 1 ya kuchagua ina pointi 3,000, zinazofuata zinapungua, na katika raundi ya kwanza mlezi alikuwa anapunguziwa asilimia 20.

Kasheshe ikaja 2020. Adelaide walishika mkia kwa mara ya kwanza katika historia yao, wakamtaja Jamarra Ugle-Hagan, kijana wa Kiaborijini, kwa chaguo la 1. Western Bulldogs, walioingia nane bora msimu huo, wakakusanya nafasi zao za chini, wakajumlisha pointi, wakambeba. Timu ya mkiani ikaondoka bila kijana bora wa mwaka. Makelele yakawa mengi, na ligi ikabana: 2021 hakuna kufikia dau kwa kijana wa akademi hizi aliyetajwa ndani ya 20 bora, yaani machaguo 20 ya kwanza. Mwaka uliofuata ikawa 40 bora.

Sasa tazameni drafti ya 2021, majina matano ya juu tu. La kwanza Jason Horne-Francis, North Melbourne. La pili Sam Darcy: Bulldogs walewale wamefikia dau, kwa sababu baba yake aliwachezea. La tatu Finn Callaghan. La nne Nick Daicos: Collingwood wamefikia dau, baba yake ni Peter Daicos, gwiji wao. La tano Mac Andrew, kijana wa familia ya Sudan Kusini aliyelelewa na akademi ya Melbourne. Melbourne wanamtaka, ila sheria mpya imewafunga mikono. Gold Coast wanamchukua.

Kwa hiyo usiku mmoja, chaguo la 4 na la 5, mmoja analindwa kwa jina la baba, mwenzake halindwi kwa kazi ya waliomfundisha. Sheria ya baba na mwana inadai mzazi awe amechezea klabu hiyo mechi 100. Baba aliyetoka Sudan Kusini na watoto mgongoni atazipata wapi mechi 100?

Na si hilo tu. Klabu nne za kaskazini, Sydney, GWS (Greater Western Sydney), Brisbane na Gold Coast, zina akademi zao za zamani kwa sababu kule raga ndiyo inatawala. Hizo hazikubanwa. Mwaka 2023 Gold Coast, walewale waliomchukua Mac Andrew, walifikia dau kwa vijana wao wanne, watatu kati yao ndani ya 15 bora.

Mwaka 2024 mlango ukafunguliwa tena, ndipo Essendon wakampata Isaac Kako, mwenye asili ya Iraq, kwa chaguo la 13. Punguzo nalo limeshushwa hadi asilimia 10 kuanzia 2025. Mimi nasema kama usawa ni usawa, ubane wote au uachie wote. Karibuni.

Mchangiaji, Nairobi

Mleta mada, wacha nikupinge. Melbourne hao unaowahurumia walikuwa bingwa 2021. Bingwa apewe pia kijana wa chaguo la tano? Hapo maana ya kumtanguliza wa mkiani inabaki wapi?

Halafu hizo akademi zinasifiwa kupita kiasi. Aliir Aliir alizaliwa Kakuma, hapa kwetu Turkana, kambini. Sydney walimchukua 2013 kwa chaguo la 44, akademi hizi zikiwa hazijaanzishwa. Mwaka 2021 akatajwa kwenye kikosi bora cha ligi nzima. Majak Daw, mzaliwa wa Khartoum, aliingia North Melbourne 2009. Wote wamepita bila mtu kulindiwa haki ya kuwamiliki. Na Mac Andrew mwenyewe alipoteza nini? Alichukuliwa wa tano! Aliyelia ni klabu.

Mleta mada

Ndugu, kuhusu bingwa una hoja nzito, siikwepi. Lakini basi ipeleke hadi kwa Darcy, maana Bulldogs walicheza fainali mwaka huohuo na wakaondoka na chaguo la 2. Mbona huyo hakukukera?

Hao wawili uliowataja walipenya. Mchezo huu mtoto wa Kiaustralia anaukuta nyumbani, kwa babu na kwa baba. Familia iliyotoka kambini haiujui. Mazoezi ya jioni yapo kitongoji cha pili, mama yuko zamu kiwandani, viatu vinahitaji hela. Lazima atokee mtu wa kumfuata kijana shuleni na gari, tena kwa miaka, bila uhakika kwamba atakuja kuwa mchezaji. Klabu haifanyi hivyo kwa upendo. Ukiiondolea zawadi, itaajiri kocha mmoja, ipige picha na watoto, basi.

Ninachokubali ni kwamba kigezo kimelegea. Ugle-Hagan alikuwa na ufadhili Scotch College, shule ya kishua Melbourne. Huyo angeonekana tu. Na kwa kigezo hicho, mtoto wa daktari aliyehamia kutoka Johannesburg anasimama foleni moja na mtoto wa Kakuma. Hapo kweli pamekosewa.

Mchangiaji, Dar es Salaam

Mkuu, mbona soka lilishapata njia? FIFA wana fidia ya mafunzo, na mchezaji akiuzwa nchi nyingine kabla mkataba haujaisha, asilimia 5 ya ada inagawiwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Kijana anakwenda anakokwenda, aliyemlea anapata chake. Samatta alipotoka Mazembe kwenda Genk hakuna aliyedai haki ya kufikia dau. Hao jamaa walipane tu.

Mleta mada

Kule mchezaji hauzwi kwa fedha, wanabadilishana wachezaji na nafasi za drafti. Ila wazo lako linatafsirika: kijana wa akademi yako akichukuliwa na mwingine ndani ya 20 bora, ligi ikupe nafasi ya ziada mwishoni mwa raundi ya kwanza. Adelaide angebaki na kijana wake na Bulldogs wangelipwa jasho lao. Mimi hiyo naisaini leo.

Mchangiaji, Perth

Samahanini kaka zangu, mnagawana kijana kama vile hana mdomo. Nina mtoto wa kiume anayecheza mchezo huu, kwa hiyo naomba niwaulize: yeye anataka wapi?

Kwenye sheria ya baba na mwana, kijana ana kauli. Marc Murphy mwaka 2005 angeweza kwenda Brisbane, maana baba yake aliichezea Fitzroy, klabu iliyoungana na Brisbane, akakataa, akaingia drafti ya wazi na Carlton wakamchukua wa kwanza. Mtoto wa akademi anawekwa eneo kwa anwani ya nyumbani. Na nyumba zetu tunapanga, tunahama kodi ikipanda.

Pia mtoto wa kwanza kwenye familia zetu ndiye anayesoma barua za serikali na kumpeleka bibi hospitali. Akichukuliwa Gold Coast wakati sisi tuko Perth, ni upande wa pili wa bara zima. Wapo watakaotaka kwenda, na wapo ambao mama zao wataanguka. Mpeni fomu mwenyewe, achague kulindwa au kuingia mnadani.

Mchangiaji, Nairobi

Dada, nakuheshimu, lakini fomu hiyo ataijaza wakala wake. Kijana bora atachagua klabu iliyoko juu, na Adelaide wa mwaka ule atabaki palepale mkiani.

Mchangiaji, Perth

Daicos naye alichagua klabu anayoipenda, na hakuna aliyemuuliza wakala wake ni nani.