Mrejesho: Kristali ya kwatsi na tone la maji

Wakuu, nimerudi. Nilikuwa nimeuliza kwa nini kristali yangu ya kwatsi ya megahezi 10 (kipande chembamba kinachotetemeka kwa umeme mara milioni 10 kwa sekunde), niliyoitoa kwenye kikopo chake, inanyamaza, yaani inaacha kutetemeka, kila nikiitia maji, na kama inaweza kunionyesha maji yanavyoenea juu ya nta.

Aliyesema nilowanishe upande mmoja tu, Mungu akubariki. Nimeziba ukingo kwa silikoni, upande wa nyuma ukabaki na hewa, na saketi inayoitetemesha haizimi tena. Kristali ikiwa tupu bila nta, tone likifunika elektrodi yote (utando wa metali juu yake), masafa, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde, yanashuka karibu hezi 2,000, vile fomula ya Kanazawa na Gordon ya 1985 kuhusu kristali ndani ya kimiminika inavyosema. Nilicheka peke yangu.

Nta kavu niliyoipaka juu ya kristali pia imekubali. Masafa yalishuka yakabaki huko, nami nikapata uzito wa nta kwa fomula ya Sauerbrey, inayogeuza mshuko wa masafa kuwa uzito: takriban nanogramu 4.4 kwa sentimita mraba kwa kila hezi. Juu ya nta hiyo tone linajikunja kama kwenye jani la nduma, kwa hiyo masafa yanashuka kidogo tu. Shida ni kwamba likikaa pembeni namba inabadilika, maana kristali huhisi zaidi katikati. Kulowana naona, kipimo cha kuaminika bado.

Kilichogoma kabisa ni joto. Boksi la stairofomu mliloshauri linasaidia asubuhi, lakini Kisumu saa nane mchana usomaji unahama tu. Sasa napima alfajiri. Mwenye mchoro wa saketi yenye kristali ya pili ya kulinganishia, ili athari ya joto iondolewe, tafadhali auweke hapa. Asanteni sana.