Naomba ushauri: miwani ina majina mangapi kwa Kiingereza?

Wakuu, habari zenu. Nahudumu mgahawani hapa Perth, Australia, mwezi wa pili sasa. Jana mama mmoja kaniuliza kama nimeona "sunnies" zake, nami mbio jikoni kuagiza mayai, nikidhani anataka yale ya "sunny side up" (ya kukaanga bila kugeuzwa)! Kumbe ni miwani ya jua, tena alikuwa ameipandisha kichwani. Shule walitufundisha "sunglasses" basi. "Shades" ya Wamarekani niliiokota kwenye muziki. Mpishi wetu Mwingereza miwani yake ya kusomea huiita "specs", siku nyingine "bins". Mhindi wa kaunta akitaja "goggles" nadhani anaenda kuogelea, kumbe jua limemkera tu. Mliokaa nje, haya mliyazoeaje? Na mteja mzee nikimtamkia "sunnies", hataona namvunjia heshima?