Stashahada ya sanaa za ufundi: ninunue vifaa vya mkono au kompyuta?

Mchoraji Mgeni (Morogoro)

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Nimepata nafasi ya kusoma stashahada ya sanaa za ufundi, na masomo yanaanza baada ya miezi miwili. Orodha ya vifaa niliyopewa ina penseli za 2H hadi 6B, mkaa wa kuchorea, rangi za maji, rangi za mafuta na turubai, na chini yake imeandikwa kompyuta mpakato. Fedha niliyo nayo haitoshi vyote. Baba yangu mdogo, ambaye ndiye mlipa ada, anasema hakuna tena anayeajiri mtu wa brashi, kwa hiyo ninunue kompyuta. Mimi nimekua nikichora kwa penseli na sijawahi kushika kalamu ya kidijitali. Naomba waliopitia masomo haya wanieleze kipi kianze.

Mwalimu wa Michoro

Hongera, mwanangu. Anza na penseli, mkaa na karatasi nyingi za bei nafuu. Rangi za mafuta na turubai zinaweza kusubiri, kwa sababu muhula wa kwanza, kama chuo chako kinafanana na vingine, utaumalizia kwenye kuchora chungu, kitambaa kilichokunjwa, kiganja chako mwenyewe, na kuchora tena chungu kilekile taa ikiwa upande mwingine. Huo uchungu wa chungu ndio unaolifundisha jicho kutofautisha weusi wa kivuli na weusi wa rangi ya kitu chenyewe. Kompyuta haitakufundisha hilo, kwa kuwa kila ukikosea unabonyeza na kosa linafutika kabla hujalitazama.

Jambo la pili ni rangi. Ukichanganya bluu na njano kwenye sahani unapata kijani. Kwenye skrini, ambako kinachochanganyika ni mwanga, nyekundu na kijani ndizo zinazokupa njano. Mwanafunzi aliyeanzia kwenye skrini hushangaa kuona kijani chake kinachowaka kikitoka kwa mpiga chapa kimefifia, ilhali mashine haina kosa: inapanga wino wa samawati, majenta, njano na mweusi juu ya karatasi, na wino huo hauwezi kufikia kila rangi ambayo mwanga unaifikia. Aliyewahi kuharibu sahani tatu za rangi akiitafuta rangi ya jani la mgomba hulielewa jambo hilo upesi zaidi.

Pindo na Mji (Dar es Salaam)

Kwa heshima zote kwa mwalimu, naona baba mdogo naye ana hoja, ingawa ameieleza vibaya. Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa ilikuwa nembo ya duka. Niliichora kwa mkono, nikaipiga picha kwa simu, na kwenye kadi ndogo ilipendeza. Mteja alipotaka bango la mita tatu, kingo zake zikageuka ngazi za vijiraba. Ilinibidi niichore upya kwa mistari inayokokotolewa na programu, ambayo hukuzwa kadiri unavyotaka bila kuharibika, na kazi hiyo ya usiku mbili sikulipwa hata senti.

Kwa hiyo usiiache kompyuta hadi mwaka wa pili ukiwa hujui lolote. Tafuta iliyotumika, yenye kumbukumbu ya kufanyia kazi (RAM) ya GB 8, na usinunue programu yoyote: Inkscape inatosha kwa nembo, Krita kwa uchoraji, GIMP kwa kurekebisha picha, na zote ni za bure. Zoezi lililonisaidia kuliko yote lilikuwa kubuni kanga. Nilichora maua ya pindo kwa wino, nikayaskani kwa nukta 300 kwa inchi, kisha nikayarudia kwenye programu hadi yakazunguka mji wote bila kuonyesha kiungo. Jina niliandika kwa mkono, kwa kuwa herufi za kompyuta zilionekana kama tangazo la benki.

Brashi ya Oysterbay

Mimi ni mchoraji wa mtindo wa Tingatinga, kwa hiyo nitasema la upande wangu tu. Edward Saidi Tingatinga alianza mwaka 1968 kwa hadibodi na rangi za kung'aa za kupakia baiskeli, na sisi tunaofuata bado tunazipenda kwa mng'ao huohuo. Lakini wateja wengi siku hizi huiona picha kwenye simu kabla ya kuiona ukutani, na mng'ao ndio adui mkubwa wa kamera. Jifunze kuipiga picha kazi yako nje, kivulini, bila fleshi, kamera ikiwa sambamba na mchoro ili pembe zisipinde. Jifunze pia kwamba karatasi ya A4 kwa nukta 300 inahitaji pikseli 2480 kwa 3508. Chini ya hapo usikubali kuchapiwa picha ya ukubwa huo. Hayo yalinichukua miaka kuyajua.

Mchoraji Mgeni (Morogoro)

Shikamoo mwalimu, na asanteni nyote. Nimeamua kununua penseli, mkaa na rangi za maji, na kiasi kilichobaki nitakiweka kwa ajili ya kompyuta iliyotumika kabla ya muhula wa pili. Swali moja limebaki: je, nikitumia simu ya dada yangu kuchorea kwa kidole wakati huu wa kusubiri, nitajiharibia mkono?

Mwalimu wa Michoro

Marahaba. Hutajiharibia, ila kidole hakijui kukandamiza na kulegeza kama penseli, kwa hiyo mistari yako yote itakuwa na unene mmoja. Itumie simu kujifunza tabaka: mchoro wa awali tabaka la chini, rangi katikati, mistari ya mwisho juu. Na umrudishie dada simu ikiwa na chaji.