Mrejesho: ile amplifaya iliyokata sauti
Wakuu nimerudi. Niliuliza kuhusu amplifaya niliyoagiza nje ikakata sauti ghafla, nikasema ni feki na muuzaji kanipiga. Fundi kaifungua mbele yangu, transista mbili za kutoa sauti zimekufa, moja imepasuka na bodi chini yake nyeusi tii. Akanigeuzia nyuma nisome, imeandikwa spika isipungue omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme, zikipungua mkondo unaongezeka), na mimi kila upande nilikuwa nimeunga mbili za omu 8 sambamba, yaani ikawa inabeba omu 4, mkondo wa umeme mara mbili, hapo kosa ni langu kabisa. Ila kile kibati cha kupozea ni chepesi mno na pasta ya joto, ile ya kupitisha joto toka kwenye transista kwenda kwenye kibati, hamna hata tone, hilo la kiwanda na linaniuma. Muuzaji nilimuonea, nishamuomba radhi.