Mrejesho: Nanga imeshika, tumelala

Wakuu, mtakumbuka niliuliza kwa nini nanga yetu inaburura kila tukilala chomboni, wakati kina ni mita 4 tu na kamba tulitoa mita 15. Wengi mlisema kamba ni fupi. Nilibisha, nakiri.

Safari hii tulipiga hesabu upya: mita 4 za maji, 1 kutoka usawa wa maji hadi omo (mbele ya chombo), na 2 za maji kujaa. Jumla 7, kamba iwe mara tano yake, mita 35! Kumbe hatukuwa tunafika hata nusu. Tukaitoa yote, tukarudisha injini nyuma taratibu mpaka kamba ikakaza. Nikaiwekea kiganja: kimya. (Ikitetemeka, ujue nanga inarukaruka huko chini.) Tukalenga mti mmoja na mwamba wa nchi kavu, alfajiri vyote vilikuwa palepale, yaani hatukusogea. Usingizi niliolala, acha tu.

Uvuvi sasa. Kuburuta mshipi njiani kulitupa kolekole mmoja, tena baada ya kupunguza mwendo. Tulipotia nanga ndipo mambo yakanoga, ila mshipi wa rafiki yangu ulijisokota kwenye kamba ya nanga, saa nzima ikaishia kufumua mafundo huku samaki wakila chambo bure. Kesho yake wote tulivulia tezini (nyuma ya chombo), mbali na kamba ya nanga.

Na yule aliyesema nifunge kamba ya pili kwenye kichwa cha nanga (upande wa makucha), ikinasa mwambani niivute kinyume: ahsante sana. Ilinasa kweli, na ilitoka.